Kona ya Ndani

Ostrava, Februari, chumba namba mia mbili na kumi na nne.
Kipasha joto kinagonga ndani ya ukuta kama mtu aliyesahaulika humo.
Daktari Hořejšová anachora ubaoni mkono wa chuma,
kisha anaukata kwa chaki, pembetatu baada ya pembetatu,
hadi chuma kinageuka wavu.
"Kizima hatukiwezi," asema. "Kipande tunakiweza.
Kila kipande kimjue jirani yake tu.
Yaliyobaki ni kujumlisha."

Nikaandika: kujumlisha. Nikapigia mstari.
Sikujua kwamba nimeandika majira yangu yote ya baridi.

Pembetatu ya kwanza niliikokotoa kwa mkono:
vifundo vitatu, kila kifundo na njia mbili za kukimbilia,
sita kwa sita, namba thelathini na sita za ugumu
kwenye karatasi yenye doa la supu ya kabichi.
Tatu kati yake zilivaa alama isiyo yao.
Nilifuta hadi karatasi ikatoboka.

Halafu kompyuta. Niliweka mzigo, newtoni mia nane,
nikabonyeza, na mkono wa chuma ukatoweka,
ukaruka nje ya kioo, nje ya chumba, nje ya Moravia,
sijui hadi leo uko wapi.
Bořek wa meza ya pili alicheka mpaka akavua miwani.
"Hujaufunga popote, Libuše. Kisichoshikwa hakina mkazo,
kinaondoka tu."
Nilimkumbuka kaka yangu aliyehamia Rotterdam.
Sikumwambia Bořek.

Nikaufunga kwa boliti mbili. Ukatulia, ukapakwa rangi:
bluu isiyo na shida, kijani, njano,
na kwenye kona ya ndani, tone jekundu.
Megapaskali mia mbili na tatu.
Nikakata wavu mdogo zaidi: mia mbili na tisini.
Mdogo zaidi: mia nne na kumi.
Mdogo kuliko punje ya mchanga: mia sita, na bado inapanda
kama uvumi, kila ukichunguza unakuta mkubwa zaidi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa.
Lakini mimi nilikuwa natafuta ufa ambao haujazaliwa.

Jumapili nilimpelekea baba picha.
Miaka thelathini na mmoja alichomelea katika karakana ya tramu;
mikono ya chuma aliyoiunga yeye ndiyo inayobeba ngazi za milango
wanazokanyaga watu wenye theluji viatuni.
Hakusoma namba. Aliweka kidole gumba juu ya tone jekundu.
"Nani kakuchorea kona kali hivi?"
"Mimi."
"Hiyo haipo. Mimi huipitishia tupa ya mviringo
mpaka kidole kikipita kisisite.
Kubala alinifundisha, kwa nini hakusema.
Alisema tu, kona isikasirike."

Usiku ule niliichora upya, tao la milimita nne,
kwa kukisia kidole cha baba.
Mia moja hamsini na nane. Wavu mdogo: mia moja sitini na moja.
Mdogo zaidi: mia moja sitini na moja.
Namba ikakaa, kama mgeni aliyekubali kuvua koti.

Saa tano usiku nilimpigia simu.
Alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.
"Vizuri," akasema. Kimya kidogo. "Na hiyo mashine yako,
inajua kwamba Januari chuma hubadilika sauti ukikigonga?"

Baridi sikuwa nimeiandika popote.
Nilivuta kiti, nikafungua kazi upya.
Ndani ya ukuta, yule aliyesahaulika
aligonga mara mbili, akanyamaza.