Maji ya Jibini

Miaka thelathini nimewamwagia nguruwe
maji ya jibini, yale yanayobaki
maziwa yakishaganda: njano inayoelekea kijani,
kama jicho la paka.
Sikuwahi kuuliza rangi ile ni ya nini.

Leonilde alikuwa na miaka sita
alipoacha kuitikia. Kengele za ng'ombe,
jina lake, sufuria iliyoanguka jikoni: kimya.
Mwalimu akasema ni mkaidi. Nami, Mungu anisamehe,
nilimfinya sikio.
Kisha kope moja ikalala,
kisha mkono ukashindwa na kifuniko cha ndoo,
na usiku, Hermínia na mimi
tukawa tunahesabu pumzi zake kama wadaiwa.

Ukungu uliifunga São Jorge siku mbili, ndege haikutua.
Siku ya tatu, Ponta Delgada, daktari Bettencourt
alichora mlango, na mlangoni akachora hamali
asiye na mikono.
"Vitamini ipo," alisema. "Mnakula vizuri.
Ila wa kuibeba hadi kwenye neva, hadi shina la ubongo,
alizaliwa hivi."
Akauliza bibi zetu walikuwa kina nani.
Tukapanda hadi kwa mama zao, tukakuta jina moja.

Kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya kosa,
nusu isiyouma,
isiyoonekana hata kwenye picha za harusi.

Majibu ya damu yangechukua wiki kumi na moja.
Hakungoja. Aliandika vidonge siku hiyo hiyo,
vingi kupita kiasi: "Tuugharikishe mlango,
kidogo kitapenya chenyewe."
Nikakipasua kimoja kwa ukucha.
Ndani, ile njano. Ile ile.
Nikacheka, mke wangu akadhani nimerukwa na akili.

Pumzi zilitulia wiki ya tatu. Mkono ukarudi, karibu wote.
Masikio hayakurudi, na sitadanganya
kwamba nimezoea.
Siku hizi ananiita kwa kugonga meza.
Asubuhi hutoka chooni akicheka, ananieleza kwa vidole:
leo njano kuliko buti za mvua za babu.

Nguruwe bado wanapata yao.
Ila kikombe kimoja hukiweka dirishani kwanza.
Hata pipa zima lisingetosha kumtibu, najua, nimeelezwa.
Nakitazama tu.
Kumbe ulikuwa hapa, nakiambia,
muda wote huu ulikuwa hapa,
ukipiga hodi.