Kitanda Usichokilalia

Baba amefungua daftari la duka,
lile la majora ya vitambaa na wadaiwa wa mtaa wa Avellaneda,
akachora safu tatu kwa rula:
ndege ya kupitia jangwani,
ndege ya kupitia Ulaya,
ndege ya kupitia Teksasi, ambako, anasema,
watakuvua viatu hata kama unapita tu.

Ukiitoboa dunia kwa sindano ndefu hapa Buenos Aires
ncha itachomoza jirani na kwao.
Hakuna njia ya mkato kwenda Seoul.
Ni saa thelathini na ushei,
na mgongo wa Mama una skrubu nne.

Walikuja huku wamekaa wima,
mimi tumboni, kichwa cha cherehani miguuni,
Mama akitapikia mfuko wa karatasi
bahari moja baada ya nyingine.
Sasa pesa ipo, imeshonwa pindo kwa pindo miaka arobaini,
na Baba anataka kununua usingizi.
"Daraja la biashara," anasema.
"Kwani sisi ni wafanya nini?"

Ya jangwani ina mlango.
Mlango! Kiti kina mlango wa kusukuma, kama kabati,
na nyota za umeme darini, na pajama, na mafuta ya uso.
Ya Ulaya ina jibini za aina kumi na mbili
ila kitanda chake kinateremka kidogo miguuni;
ukilala utaota unadondoka.
Ya Teksasi imepungua dola elfu mbili na mia,
viti vya zamani, viwili viwili, bega kwa bega,
wa dirishani akibanwa na haja
sharti amruke mwenzake.

Mama hasomi safu.
Anaomba simu yangu, anaitanua picha ya blanketi
kwa vidole viwili mpaka nyuzi zinaonekana.
"Hili poliesta." La jangwani.
"Hili pamba, ila pindo limepigwa na mtu mwenye haraka."
La tatu analitazama kitambo.
"Sufu. Limefuliwa sana. Hili limelaliwa."

Baba hakusema kitu.
Alifuta jibini zote kwa raba,
akayazungushia duara maneno *viwili viwili*.
Mimi koo likanikaba:
miaka arobaini na sita ubavu kwa ubavu,
nani atawatia ukuta katikati kule angani?
Nikaanza kujaza majina,
Noh Gil-sang, Pak Myong-suk.

"Jimena, ngoja," Mama akasema.
"Ile yenye mlango. Bei gani?"
Nikamtajia.
"Baba yako anakoroma kama ovaloki isiyotiwa mafuta.
Nataka mlango."

Wahenga walionya juu ya kitanda usichokilalia.
Chake Mama amekilalia,
na kunguni wake anawajua kwa majina.
Baba alilitazama lile duara,
akainua kalamu, akaandika tofauti ya bei
kwenye ukurasa wa wadaiwa,
chini ya jina la Mama.

Wiki iliyofuata alinipigia simu kutoka kwa dada yake,
sufuria zikigongana nyuma yake.
Nikauliza habari za mlango.

"Nikaufunga. Kimya.
Kimya mpaka nikasikia skrubu zangu.
Sijui tulikuwa juu ya nchi ya nani.
Nikausukuma, upana wa shubiri hivi,
na ng'ambo ya ujia, wa baba yako ulikuwa wazi zamani,
mguu nje, soksi ya bure imepinduka kisigino,
na ile ovaloki inashona."

"Ukalala?"

"Kama gunia.
Lakini lile blanketi, mwanangu,
nilikwambia. Poliesta tupu."