Ridhaa

Walizoziita ngumi za ridhaa
ni zile ambazo hakuna aliyelipwa.
Kaka yangu Jomart alipata medali za bati,
fulana moja ya bluu, tikiti ya treni ya Almaty,
na supu ya bure kila Jumamosi
kwenye ukumbi wa wachimba makaa, Karaganda,
mahali theluji huanza safari ikiwa nyeupe
ikafika chini imeshavaa masizi.

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Miaka kumi na miwili, misuko miwili, penseli mdomoni,
niliandika: pambano la thelathini na moja, ushindi kwa pointi.
Pambano la tisini, ushindi.
La mia na kumi na nne, kashindwa, lakini kwa heshima.
Mama aliliweka daftari juu ya kabati,
pale pale alipoweka msahafu.

Jioni za mazoezi sikuziandika.
Nani huandika mazoezi?
Jumatatu, Jumanne, Alhamisi,
Jomart na Vadim, yule wa uzani wa juu,
raundi juu ya raundi, kofia ya ngozi kichwani,
puh, puh, puh,
kama mtu anayekung'uta zulia.
Kocha Gennadi alisema kofia inakinga.
Ilikinga, sikatai. Ilikinga nyusi.
Ilikinga masikio.
Alirudi nyumbani mzima, uso wa bwana harusi,
akala baursak za mama, saba, nane,
halafu akauliza tutakula saa ngapi.
Tulicheka.
Mungu anisamehe, mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Sasa ana miaka hamsini na sita.
Kijiko humtetemekea kabla chai haijafika mdomoni.
Maneno yake yanaburuta miguu,
na jirani mpya wa ghorofa ya tatu anamdhani mlevi,
yeye ambaye hakuonja vodka
hata siku ya harusi yake.
Mkewe Kulyash alivumilia ufunguo ndani ya friji,
akavumilia pasi iliyoachwa ikiunguza shuka.
Siku alipoinuliwa ngumi kwa sababu ya chumvi
alikusanya watoto akaenda kwa dada yake, Pavlodar.
Usiku ule alinipigia simu:
"Yule si yeye, Raihan. Yeye asingeweza."
Nami sijui nimlaumu yupi
kati ya wawili wanaoishi ndani ya kaka yangu.

Daktari, binti mdogo mwenye miwani mikubwa,
hakutumia maneno magumu.
Alichukua chupa ya maziwa iliyojaa nusu, akaitikisa.
"Chupa haina ufa," alisema. "Tazama maziwa."
Povu lilikuwa limepanda hadi shingoni.
Akauliza: alizimia mara ngapi?
Nikafungua daftari, kwa fahari kabisa:
mara moja tu, Omsk, mwaka themanini na sita.
"Hiyo nimeisikia. Nataka zile ambazo hakuanguka.
Zile ndogondogo. Ngapi?"

Nikapekua. Nikapekua tena.
Haba na haba, na kibaba
kilikuwa kichwa cha mtu.

Jibu kamili, alisema akiitazama meza,
haliwezi kupatikana mgonjwa akiwa hai.
Baadaye, ikiwa familia itakubali,
watautazama ubongo wenyewe.
Akasukuma karatasi. Juu yake, kwa herufi nene: RIDHAA.

Jomart aliisoma kwa muda mrefu, kidole chini ya kila neno,
mtu ambaye zamani alisoma bega la mpinzani
kabla ngumi haijazaliwa.
"Sijawahi kuulizwa," alisema.
Au alisema kitu kingine;
siku hizi nasikia ninachotaka.
Akaishika kalamu kwa mkono wa kushoto, ule wake wa hatari,
akaandika nusu ya jina,
akasita, akanigeukia:

"Hili ni pambano la ngapi?"

Nikatafuta penseli.