Laki Mbili na Themanini

Bwire ameikuta risiti
ndani ya pochi ya kitenge, nilipodhani hafiki,
ameilaza mezani kwa viganja viwili
kama anayenyoosha sanda.
"Laki mbili na themanini, Nyamizi.
Kwenda wapi?"

Hapo ndipo penye kazi,
maana hatukwenda popote.
Meli iling'oa nanga Mwanza Kaskazini Ijumaa jioni,
ikazunguka visiwa, ikalala, ikaamka,
na Jumapili ikatushusha palepale tulipopandia,
mbele ya muuza karanga yuleyule
ambaye hata hakujua kama tulikuwa hatupo.

Mimi ni mtu wa mizani.
Miaka kumi na tisa napima dagaa mwaloni Kirumba;
nalijua gunia lililonyunyiziwa maji ili lizidi uzito,
naujua mchanga uliojificha chini ya debe.
Basi na hili nilipime, nisijipendelee:

wali wa baridi, kuku wa kuhesabiwa vipande,
soda ya makaribisho, tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto;
ya pili, elfu tatu. Maji ya kunywa, elfu mbili,
maji! nasi tunaelea juu yake.
Kitanda cha juu, chembamba kama ubao wa kukatia nyama,
na Kokugonza chini yangu akikoroma kwa Kihaya.
Kijana mwenye kipaza sauti alituamuru furahini,
furahini, kana kwamba ni zamu.
Nilitapika mara mbili upande wa Ukara.
Halafu sangara: tulitozwa nyongeza kwa sangara
ambaye naapa tulionana naye Alhamisi mwaloni.

Ukiishia hapo, Bwire, umenishinda.
Hizo ni bati kumi,
na jiko la uani lingeacha kuvuja.

Lakini sijamaliza kupima.

Usiku ule wa kwanza, kabla hatujaiacha ghuba,
muziki uliharibika.
Kimya kikashuka hadi kwenye visahani vya karanga.
Mama yangu, unakumbuka, hakukanyaga tena meli
tangu mwaka ule ambao hapa hatuutaji kwa namba;
hata akifua aliyageuzia maji mgongo.
Nami nililirithi ziwa hivyohivyo:
la kukopea, la kuanikia, la kulilia.
Sikujua kwamba mtu anaweza kulikalia tu,
bila kulidai kitu.

Nikashika reli. Mji wote ulikuwa mbele yangu,
vilima vya mawe vimevaa taa mpaka utosini.
Nikaitafuta ya kwetu,
ile ya uani niliyoiacha inawaka kuwazuga wezi.
Nikahesabu kushoto kutoka mnara wa simu,
chini ya jiwe linalofanana na ng'ombe aliyelala,
nikaiona. Au niliona ya jirani.
Ndogo, ya njano, ina kwikwi.
Nikawaza, mle ndani mna sufuria niliyoiloweka,
mna ada ya Chirangi tusiyoimaliza,
mna ule ugomvi wetu wa Jumanne,
na vyote vimeenea kwenye nukta
ambayo kidole changu kinaweza kuifunika.
Nikaifunika.
Nikaifunua.
Nikaifunika tena.

Sasa unauliza kama ilistahili.
Mji huu una mawe mengi, Bwire,
ila jiwe la kupimia hilo sinalo.
Sitapanda tena, ni ghali, hilo nakubali.
Jumatatu niliwapima dagaa wangu
nimeketi nimelitazama ziwa;
mteja akaniuliza kama namsubiri mtu.

Bwire ameikunja risiti pembe kwa pembe.
Hajaitupa, hajanirudishia.
"Na kule kwetu lindoni, kiwandani,
kulionekana?"
Upande ule taa zilikuwa nyingi, zimeshikana.
"Si ulikuwa na tochi?"
"Betri zilikwisha."
"Basi," nikasema, "ndiyo maana."