Daraja la Tatu

Kazi yangu ilikuwa penseli.
Meza ya mbao, mwavuli wa benki iliyokwishafungwa,
daftari la mistari, saa mbili za kusimamisha
(moja iliganda kila iliponyeshewa),
na mbele yangu ile yadi ya Miritini
makontena yalipohamishwa, ikabaki lami tupu
na watu wakasema: hapa gari zitakimbia.

Raundi tano, tangu joto la Januari hadi vuli.
Madaraja matatu, uwanja mmoja, bendera moja ya kuanzia.
La kwanza: gari zilizoshushwa kwenye malori kutoka Nairobi,
mafundi wenye glavu, soda za barafu.
La pili: wenye maduka ya spea, baba na wana.
La tatu: waliokuja ndani ya gari ile ile
watakayoshindania, na Mungu akipenda,
watakayorudi nayo nyumbani.

Kadzo Mwambire alikuwa la tatu.
Staleti kuukuu, mlango mmoja rangi ya maziwa,
mwingine rangi ya kutu;
siku za wiki ilibeba trei za mayai Mikindani.
Namba yake, 38, aliikata kwa mkasi
kwenye plastiki ya kufunikia vitabu vya shule.

Sheria ni fupi:
bendera ya buluu ikipepea, mdogo ampishe mkubwa.
Si fedheha, alisema mwamuzi.
Na kweli Kadzo alipisha bila kinyongo.
Taa ya kiashiria, kushoto kidogo, pita, baba,
pita na wewe,
pita,
nami nikiweka alama pembeni mwa ukurasa,
ingawa hakuna aliyeniagiza.

Machi, alama ishirini na sita.
Mei, kona ya mzani ikawa dimbwi,
wakubwa wakazunguka kama pia
naye akapita taratibu, kama aliyepakia mayai.
Hapo ndipo alipopata pointi zake za kwanza.
Agosti gia ya tatu ikagoma. Akakimbia bila tatu:
moja, mbili, kilio, nne.

Raundi ya mwisho: yeye na Hatim wa Bondeni,
pointi moja baina yao, mizunguko mitatu imebaki.
Hatim mbele. Kila Kadzo alipochungulia pembeni
Hatim alifunga njia, kwa adabu, lakini alifunga.
Ndipo ikaja nyuma yao ile ya fedha ya Harbinder,
daraja la kwanza, ikinguruma mpaka meza ikatetemeka.
Bendera ya buluu.
Kadzo akapisha. Halafu
(nilisimama, penseli ikaanguka)
akajitia nyuma yake, pua kwa bamba, ndani ya upepo wake,
Hatim akasogea kumpisha mkubwa, sheria ni sheria,
na aliyepisha mmoja
akajikuta amepisha wawili.

Malalamiko yalichukua saa nzima chini ya turubai.
Babake Hatim alipiga meza. Wakaliitisha daftari.
Jasho lilikuwa limefuta nusu ya ukurasa,
lakini palisomeka: 38, kisha 41.
Hatim ndiye aliyemaliza maneno:
"Basi, baba. Nilimwona kwenye kioo.
Nilicheka, wallahi."

Gazeti liliwataja washindi watatu, wote wa la kwanza.
Katika orodha kamili Kadzo ni wa kumi na moja,
kati ya kumi na nne.
Kikombe chake ni kidogo kiasi kwamba
muuza kahawa angekirudisha dukani.

Jioni alinipa lifti.
Ile tatu ya 38 imebanduka, ikabaki nane inayopepea.
Kikombe kati ya miguu yangu, harufu ya mayai.
Juu ya daraja la Makupa,
hilo lisilo la kwanza wala la tatu,
trela likatupigia honi kwa nyuma.

Taa ya kiashiria. Kushoto kidogo.
"Pita, baba," akasema bingwa.

Nikafungua mkoba, nikatafuta penseli,
nikaweka alama.