Linasimama Badala ya Nini

Saa nne usiku, Hombolo. Upepo wa Agosti
unapekua majani ya mizabibu kama mtu aliyepoteza risiti.
Nimevaa makoti mawili. Kulia rungu,
kushoto kamusi isiyo na jalada, inayoanzia herufi C,
kwa hiyo kila neno la A na la B nalikisia.

Nyemo, binti yangu, yuko kidato cha pili.
Kabla hajalala ameniachia kifungu
kwa mwandiko wake unaoegemea upande:
bikizee wa nchi ya theluji anaweka taa dirishani,
mbwa wake amepotea, mlango uko wazi.
Maswali matano, alama kumi.
"Baba, usitazame majibu nyuma."
Nyuma hakuna majibu, kuna hesabu ya deni la duka.

Theluji naijua kutoka friji ya Mbeleje,
ile inayokwanguliwa kwa kisu.
Mbwa namjua.
Kusubiri nakujua zaidi.

Swali la kwanza. Mstari wa saba
kuna neno dogo, herufi mbili tu.
Linasimama badala ya nini?
Nimelimulika kwa tochi ya simu
kama ninavyommulika mtu asiyejitambulisha.
Kwetu ngeli ingemtaja mara moja:
ikizimika, ni taa; ukifungwa, ni mlango;
akirudi, ni mbwa, hata usiku wa manane.
Hawa wenzetu wamevivika vyote koti moja,
na koti likipita gizani
utajuaje nani yumo?
Nimeandika: mbwa. Nikasoma mstari unaofuata,
una habari ya kuongeza mafuta.
Mbwa haongezwi mafuta. Nimefuta.

La pili nimelipata.
La tatu lataka maana ya neno linaloanza na B.
Nimeliruka.

La nne: je, bikizee anajua
kwamba mbwa hatarudi?
Jibu halikuandikwa popote. Nyemo alinionya:
"Mengine hayako kwenye mstari, baba,
yako kati ya mstari na mstari."
Hilo sikuhitaji mwalimu.
Miaka sita natembea kati ya mistari hii,
sijaona mwizi aliyekaa juu ya waya.
Huchuchumaa pale kivuli kinapokunjika,
na ukitaka kumwona usimtafute yeye,
tafuta jani linalotikisika upepo ukiwa umetulia.

Mwaka ule walikuja na karatasi, kurasa tatu,
Kiingereza mwanzo hadi mwisho.
Mjomba Ndahani, sasa marehemu, alimwuliza kijana wa tai,
"Inasemaje?"
"Ya kawaida tu, mzee."
Nikaweka sahihi pale kidole chake kilipogusa.
Neno lile dogo lilikuwemo, nalikumbuka umbo lake,
mara nyingi, kila ukurasa, ndani ya koti lake.
Lilisimama badala ya mistari hii,
kutoka kwenye mgunga mpaka kwenye bomba la maji.
Mshahara wa kuilinda hutoka mwisho wa mwezi.
Wakichelewa, tarehe kumi.

Swali la tano: kipe kifungu kichwa cha habari,
maneno yasiyozidi matano.
Tumia maneno yako mwenyewe.

Yangu mwenyewe!
Yangu ni ya Kigogo, ya kuitia ng'ombe na kuagia wafu.
Ya Kiswahili nilipewa na daftari la darasa la kwanza,
nimeyavaa mpaka yamenikaa.
Haya ya kwenye karatasi naazima usiku,
alfajiri nusu yake yamekwisha rudi kwa wenyewe.

Mtihani Novemba. Mtahiniwa wa kujitegemea,
umri miaka thelathini na nane.
Kukipambazuka Nyemo atapita hapa kwenda shule,
soksi zimejaa mbigiri, kalamu nyekundu mkononi.
Juzi alinipa nne, akanihurumia nusu.
Nitamwuliza yeye kama bikizee alijua.

Nimeandika maneno manne.
Nimefuta mawili.