Mikono ya Nsimire

Siku tatu nilimfundisha kusimama.
Ukumbi wa parokia, Kadutu, mvua inapiga mabati
hata nikalazimika kupiga kelele nikieleza utulivu.
Miguu, nikasema, iachane upana wa mabega.
Kidevu juu. Viganja wazi mbele ya kitovu,
kama umeshika kibuyu ambacho wengine hawakioni.
Sababu zako zihesabu kwa vidole.
Ukifika penye uchungu, mkono moyoni.
Nilikuwa na karatasi ya michoro:
mtu asiye na uso, na mishale myekundu.

Yeye hushusha muhogo wa Idjwi pale Bichi Muhanzi,
huupandisha mlimani kwa mkanda wa paji la uso.
Wenzake walimchagua awasemee kwa meya
juu ya kodi ya gunia, inayotozwa chini ziwani,
kisha ikatozwa tena juu, gunia ni lile lile.

Alinitii. Hilo ndilo linaloniuma.
Kidevu kilipanda, kikashuka, kikapanda.
Shingo ile ina shule yake,
miaka kumi na tisa inausoma mteremko,
na mimi nimekuja na siku tatu na chaki.
Mkono moyoni aliuweka
kama mtu anayepapasa noti aliyoificha kifuani.
Wenzake wakaangua kicheko, naye akacheka,
na ndani ya kicheko kile mikono ikafunguka,
ikapiga mapaja, ikamvuta jirani kwa bega,
ikachora hewani tumbo la mtoza kodi.
Niliiona. Nikagonga meza:
Mama Nsimire, tuwe makini.
Akaikunja. Akaniambia polepole:
«Mwalimu, iyi mikono haijuake kukaa bule.»

Alhamisi, ofisi ya meya.
Kipaza sauti kirefu kumzidi, hakuna aliyekishusha.
Mimi safu ya tano, najigusa kidevu kumkumbusha.
Akaanza kwa vidole. Moja, kodi ya chini.
Mbili, kodi ya juu. Tatu —
kidole cha tatu hakikunyooka.
Kilivunjwa na gunia la chumvi mwaka ule wa matope;
siku tatu nilizokaa naye sikuwahi kukiona.
Akakitazama. Ukumbi ukakitazama.
Feni ikazunguka.

Kisha akaanza kumsimulia M'Karhale,
alivyoteleza kwenye ngazi za udongo na kilo themanini mgongoni,
na mtoza kodi wa juu akamngoja ainuke
ili amkatie risiti.
Hapo mikono ikaniasi.
Ilipanda kwenye paji la uso, ikaushika mkanda usiokuwepo,
vidole gumba kwa ndani, vile wanavyoulegeza ukikata ngozi,
shingo ikainama mbele,
naye akamtazama meya kutoka chini, kupitia nyusi,
maneno yakija mafupi mafupi, pumzi kati yake,
kama wanavyosemezana wakipanda.
Kipaza sauti kilibaki juu, peke yake, hakina kazi.
Tulimsikia hadi mlangoni.

Karani aliweka kalamu chini.
Na yule bwana wa kodi, pembeni mwa njia,
aliyekuwa amenyoosha viatu vyake vya kung'aa,
akavivuta ndani haraka, bila kujua,
ampishe apite na mzigo.

Kama kodi itapungua, sijui.
Barua iko kwenye meza ya mtu fulani.
Nsimire kesho yake alikuwa Muhanzi saa kumi na moja alfajiri.

Mimi nilirudi nyumbani. Mke wangu alikuwa anachambua maharagwe,
akauliza mambo yalikwendaje.
Nikaanza kumweleza, nimesimama katikati ya sebule,
miguu upana wa mabega, viganja wazi mbele ya kitovu.
Akainua macho.
«Umebeba nini hapo?»
Nikatazama.